Kiu Isiyomalizwa na Maji

Mtu wa Mhezi, kama Mpare yeyote wa milimani, anaijua ndiva: bwawa dogo linalokinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi likafunguliwa, na mashamba yakanywa kwa zamu. Anajua pia yanayopita moyoni mwa anayesubiri. Zamu ya jirani huonekana ndefu, yake fupi. Hata shamba likishalowa, jicho halibanduki mferejini.

Hali hiyo ndiyo aliyoizungumzia Buddha katika mahubiri yake ya kwanza, karibu na Varanasi huko India, yapata miaka 2,500 iliyopita. Neno lililohifadhiwa katika vitabu vya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, ni tanha. Wengi hulifasiri “tamaa”, nami naona tafsiri hiyo imewapotosha watu, maana asili yake ni kiu. Tamaa kwetu hukemewa. Kiu haikemewi, huulizwa imetoka wapi.

Alizitaja tatu: kiu ya raha, kiu ya kuwa na kudumu, na kiu ya kutokuwa, yaani kutaka linaloudhi lifutike kabisa. Hii ya tatu husahaulika sana. Anayeomba jirani yake mbishi ahame naye ana kiu, ingawa hajatamani mali ya mtu.

Kiu huanzaje? Jicho hukutana na kitu, hisia ikazuka, ya kupendeza au ya kuchukiza, kisha kiu ikafuata. Kati ya hisia na kiu pana upenyo mwembamba, na zoezi la kukaa kimya ukifuatilia pumzi hukufunza kuuona. Hisia huwezi kuizuia. Kiu waweza kuiona ikija, na ikishaonwa hulegea.

Je, mkulima asitake mahindi yake yastawi? La hasha! Kipali kina neno jingine, chanda, nia ya kutenda, na nia hiyo ikiwa njema husifiwa. Kitabu cha Dhammapada humfananisha mwenye hekima anayejitawala na mtu aongozaye maji mferejini. Mtu huyo hayalaumu maji wala hayakaushi, huyapeleka yanakohitajika.

Wala mafundisho haya si mageni nchini. Yapata karne moja iliyopita, wahamiaji kutoka Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon, walijenga hekalu Dar es Salaam na kupanda mche wa bodhi, mti mtakatifu kwa Wabuddha, ulioletwa kutoka kwao. Hekalu hilo lipo Upanga.