Kuhamishia kaseti za litungu kwenye redio yenye diski ngumu

Redio ya nyumbani yenye diski ngumu ndani yake hupiga muziki na kuuhifadhi pia. Sauti inayoingia kwa waya kutoka kwenye deki ya kaseti hugeuzwa kuwa tarakimu, kisha huandikwa kwenye sahani ya sumaku inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Giga Juke ya Sony na JB7 ya Brennan ni mifano ya mashine hizo. Simu na sabufa ya flashi zimezisukuma pembeni, lakini mwenye boksi la kaseti bado ana sababu ya kuzitafuta: zinarekodi zenyewe, bila kompyuta.

Wilayani Tarime na Serengeti, boksi la namna hiyo likifunguliwa halikosi kuwa na litungu. Ala hii ya Wakurya, yenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi, husikika harusini na kwenye sherehe za tohara, na huko ndiko watu walikoirekodi kwa redio kaseti za betri. Rekodi ya harusini haina nakala dukani. Ikifutika, imekwenda. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, vile vibanzi viwili vya plastiki kwenye mgongo wa kaseti hung'olewa, ili kitufe chekundu kikibonyezwa kwa bahati mbaya kisiweze kurekodi juu yake.

CD haina shida kubwa. Tayari ni tarakimu, na mashine huisoma kwa kasi kuliko inavyopigwa. Kaseti sharti ipigwe mwanzo hadi mwisho, hivyo ya dakika 90 huchukua saa moja na nusu. Ubora wa nakala unaamuliwa zaidi na deki kuliko diski. Hedi husafishwa kwa pamba na spiriti, pamoja na kile kiroda cha mpira kinachovuta utepe. Vikiwa na uchafu wa kahawia, sauti kali za juu hupotea na utepe unaweza kutafunwa. Kaseti iliyokaa miaka bila kupigwa hupelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja, ili utepe ulioshikana uachane. Yenye ukungu mweupe haifai kuingizwa kwenye deki kabla ya kusafishwa, kwa kuwa ukungu huo huhamia kwenye kaseti nyingine.

Kasi ndiyo inayosumbua zaidi, na ndiyo inayosahaulika. Utepe wa kaseti umepangiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mkanda wa mpira wa deki ukilegea, kasi hushuka, na kila asilimia 6 inayopungua huteremsha muziki kwa takriban nusu toni. Njia nyepesi ya kupima ni kupiga kaseti ya dukani ambayo urefu wa wimbo umeandikwa kwenye jalada, na saa mkononi. Kosa lingine linatoka kwa aliyerekodi. Betri zilipokaribia kuisha, redio yake ilivuta utepe polepole. Leo, kwenye deki yenye umeme kamili, sehemu hiyo huenda mbio na mwimbaji huanza kupanda sauti kidogo kidogo hadi kufanana na mtoto. Litungu lenyewe ndilo linalotoa ushahidi, maana mpigaji hakazi nyuzi zote nane katikati ya wimbo. Zikipanda zote kwa pamoja, hiyo ni betri. Redio yenye diski haiwezi kurekebisha kosa hilo. Hurekebishwa baadaye kwa programu ya kompyuta, na ndiyo maana nakala ya kwanza huachwa kama ilivyo.

Kiwango cha sauti kinataka tabia mpya kwa aliyezoea kaseti. Utepe huvumilia mshale ukigusa wekundu. Sauti hukwaruza kidogo tu. Tarakimu hazivumilii. Sauti ikivuka kilele hukatwa kichwa, na hakuna fundi wa kukirudisha. Nyuzi nene za litungu zina mshindo mzito wa ghafla, basi kilele huachwa kama desibeli 6 chini ya mwisho. Mahali pa kujaribia ni pale penye vigelegele, kwa kuwa ndipo sauti inapofika juu kabisa.

Baada ya hapo huchaguliwa namna ya kuandika. Bila kubanwa, kwa kipimo cha CD cha sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, kaseti ya dakika 90 hula karibu megabaiti 950, na diski ya gigabaiti 80 hujaa kwa kaseti 84 hivi. Ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, kaseti hiyo hushuka hadi megabaiti 86. Kwa nyimbo za redioni MP3 inatosha. Kwa rekodi ya pekee ni ubahili usio na maana: kinachotupwa wakati wa kubana hakirudi.

Mashine nyingi hukata nyimbo zenyewe zinaposikia ukimya. Kwa litungu mpango huo hauaminiki. Mpigaji huendelea kugusa nyuzi huku akiongea na wageni, na wimbo mmoja huungana na mwingine. Mahali pengine ukimya wa sekunde mbili ni pumzi tu ya mwimbaji. Ni afadhali kuzima ukataji huo, upande mzima uingie kama faili moja. Majina nayo huandikwa kwa mkono: mpigaji, kijiji, sherehe, mwaka, na ukoo unaoimbwa, kama Watimbaru, Wanyabasi au Wakira. Wazee waliokuwepo huulizwa wangali wanakumbuka, maana sauti peke yake haitaji mwaka.

Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, faili inaweza kuharibika, wakati mwingine na orodha nzima. UPS ndogo huzuia hasara hiyo. Diski yenyewe pia hufa siku moja, na mashine nyingine huandika kwa mfumo wake wenyewe ambao kompyuta haiusomi hata diski ikitolewa. Kwa hiyo faili hunakiliwa kwenye diski mbili za nje, na moja ikae nyumba nyingine.

Nakala ya kusikiliza nyumbani haina tatizo. Kuipeleka kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo iuzwe ni suala la Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ruhusa ya mpigaji au familia yake huombwa kwanza.

Kaseti ikishahamishwa haitupwi. Hurudishwa mwanzo, husimamishwa wima ndani ya jalada lake, mahali pakavu, mbali na sabufa, kwa sababu ya sumaku ya spika.