Utangulizi: Ini na Dawa za Kupunguza Asidi

Kabla ya mwaka 1976, mtu aliyesumbuliwa na vidonda vya tumbo vikali hakuwa na njia nyingi. Alikunywa dawa za kutuliza asidi kwa saa chache, na zikishindwa, alipelekwa chumba cha upasuaji. Mwaka huo cimetidine, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ikaanza kuuzwa Uingereza, na mmoja wa walioivumbua, James Black, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ranitidine ikafuata, kisha omeprazole, ambayo leo huuzwa katika maduka ya dawa kote Afrika Mashariki, mara nyingi bila cheti cha daktari. Wengi mno wanaoimeza hawapati shida yoyote ya ini. Nalisema mapema, maana sitaki msomaji aache dawa yake kwa hofu.

Somo letu ni wale wachache sana ambao ini lao huumia. Mgonjwa huanza kuchoka, chakula kinamkinai, mwili unawasha, mkojo unakoza kama chai ya rangi, kisha macho yanakuwa ya manjano. Akiulizwa anatumia dawa gani, hujibu hatumii, kwa kuwa kidonge cha kiungulia hakihesabu. Inabidi kumuuliza tena, taratibu, na kutaja dawa moja moja.

Paracetamol huumiza ini kwa wingi wake: anayezidisha mno yumo hatarini, awe nani. Dawa za asidi haziko hivyo. Zinapodhuru, humdhuru mtu mmoja kwa dozi ile ile ambayo maelfu wameimeza salama. Kwa ranitidine, dalili kwa kawaida hutokea ndani ya wiki chache, na wengi hupona dawa ikisimamishwa. Wapo waliorudishiwa ranitidine wakaugua upya, na hakuna ushahidi mzito kuliko huo, ingawa hakuna tabibu mwema atakayeutafuta kwa makusudi.

Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kuituhumu dawa kwa haki. Chukua mgonjwa anayetibiwa bakteria wa vidonda vya tumbo: anameza omeprazole, amoxicillin na clarithromycin kwa pamoja. Umanjano ukitokea, nani wa kulaumiwa? Clarithromycin yenyewe inajulikana kuumiza ini. Na kabla ya kugusa dawa yoyote, lazima kuondoa uwezekano wa homa ya ini ya virusi, mawe ya nyongo, pombe, na dawa za mitishamba ambazo mgonjwa huona aibu kuzitaja. Ukiniuliza, hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza: wanaona dawa, wanaona umanjano, wanafunga jalada.

Vipimo vya damu husaidia, hasa vya vimeng'enya viwili, ALT na ALP. ALT ikipanda sana kuliko ALP, chembe za ini ndizo zinazoumia. ALP ikitangulia, tatizo liko zaidi kwenye mtiririko wa nyongo. Hyman Zimmerman, Mmarekani aliyeijenga taaluma ya madhara ya dawa kwenye ini, alituachia onyo moja: chembe za ini zikiumizwa na dawa hadi umanjano utokee, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 yumo katika hatari ya kufa. Kupanda kidogo kwa ALT peke yake si habari ya kutisha. Huonekana hata kwa watu waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani.

Mbona madhara haya hayakamatwi kwenye majaribio kabla dawa haijauzwa? Hesabu ni rahisi. Ukijaribu dawa kwa watu 3,000 na asiumie hata mmoja, bado inawezekana inamdhuru mtu 1 katika kila 1,000. Ebrotidine, dawa ya ukoo mmoja na ranitidine, iliingia sokoni Hispania mwaka 1997. Mwaka 1998 ikaondolewa, baada ya taarifa za wagonjwa walioumia ini kuanza kulundikana.

Taarifa kama hizo huandikwa na watu wa kawaida wa kazi: tabibu wa zahanati, muuguzi, mfamasia. Tanzania hupelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya hupokelewa na Bodi ya Famasia na Sumu. Ziandikwe na tarehe ya kuanza dawa, tarehe ya kuiacha, siku dalili ilipoonekana, majibu ya vipimo vya homa ya ini, na kila kitu kingine alichomeza mgonjwa, mizizi na majani yakiwemo.