Gobori Huoshwa kwa Maji

Je, wajua kwamba baruti nyeusi inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi? Hubaki kuwa vumbi gumu. Sehemu yake hupaa na ule moshi mweupe mzito, na sehemu hugandamana ndani ya mtutu. Masizi hayo yamejaa chumvi za potasiamu, na mojawapo, kaboneti ya potasiamu, hufyonza unyevu kutoka hewani. Kwenye hali ya hewa ya unyevunyevu, usiku mmoja watosha chuma kuanza kuota kutu. Ndiyo maana mwenye gobori, bunduki inayoshindiliwa baruti kupitia mdomoni, halali usingizi kabla hajaliosha.

Na huliosha kwa maji. Aliyezoea bunduki za kisasa hushtuka kusikia hivyo, lakini mafuta hayayeyushi chumvi, maji huyeyusha. Wawindaji wa Amerika Kaskazini wa karne ya 18, waliobeba bunduki ndefu zilizofuliwa na mafundi wa Pennsylvania, walilijua hilo bila kufundishwa na mkemia. Maji yakimiminwa tu, harufu ya yai viza hupanda: ni salfidi iliyoachwa na kiberiti cha baruti, ikitoa gesi yake.

Tatizo ni kwamba mtutu wa gobori una mlango mmoja. Nyuma umezibwa kwa skrubu nene, na huko chini kuna kitundu chembamba tu cha kupitisha moto. Chochote kinachoingia mdomoni lazima kirudi kwa njia ileile. Kitambaa kikichomoka kikabaki chini, hakuna upande wa pili wa kukisukumia. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini vifaa vyote vya kazi hii vina maumbo vilivyo nayo, na kwa nini wapenzi wa bunduki hizi bado hujitengenezea wenyewe: kila mtutu una kipenyo na kina chake.

Cha kwanza ni mdeki, ile fimbo ya kushindilia na kusafishia mtutu. Kwa kuutengeneza, Waamerika huupenda mti wa hikori, na fundi mwenye akili huupasua kufuata nyuzi zake badala ya kuukata kwa msumeno. Mti uliokatwa huku nyuzi zimekwenda mshazari hukatika ghafla mtu anaposukuma kwa nguvu, na ncha yake huweza kutoboa kiganja. Kwenye ncha ya mdeki hufungwa kipande cha shaba kilichochongwa mikato ya duara kwa tupa. Kitambaa, aghalabu kipande cha shati kuukuu la pamba, hujikunja kwenye mikato hiyo na kushikwa wakati wa kuvuta. Shaba ikizidi unene, kitambaa hukwama. Ikipungua, hupita bila kusugua.

Mdeki huohuo hubeba kifaa ninachokithamini kuliko vyote, nacho ni alama ya kisu. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki huingizwa mpaka chini na kukatwa alama pale unapokutana na mdomo. Tangu siku hiyo, alama ikisimama juu ya mdomo, ndani kuna kitu, na bunduki hiyo haiguswi kwa maji wala kwa waya mpaka ijulikane ni nini. Si hofu ya bure. Miongoni mwa bunduki zilizookotwa baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, nyingi zilikuwa bado zimeshindiliwa, na baadhi zilikuwa na risasi zaidi ya moja, moja juu ya nyingine.

Kitambaa kilichopotea chini huokolewa kwa waya mbili ngumu zilizozungushwa kwenye msumari mnene, zikapishana, ncha zake zikanolewa. Mdeki ukizungushwa, ncha hukamata nguo na kuitoa. Zamani waya hizo zilivalishwa nyuzi fupi za kitani kusafishia mtutu wenyewe, kisha nyuzi zikafuliwa, zikaanikwa, zikatumika tena.

Kwa bunduki za fataki kuna mbinu nzuri zaidi. Mpira mwembamba, kama ule wa kupitishia hewa kwenye matangi ya samaki wa mapambo, huvalishwa kwenye kile kichomozo cha kuwekea fataki, na ncha yake ya pili huzamishwa kwenye ndoo. Mdeki wenye kitambaa kilicholowa ukivutwa juu, maji hupanda kutoka ndooni. Ukisukumwa chini, hurudi meusi tii. Mwendo huo hurudiwa, maji yakibadilishwa, mpaka yatoke safi, na ubao wa bunduki haupati tone. Wengine hutumia maji yanayochemka ili chuma kipate joto na kujikausha. Mimi naona vuguvugu ni bora, kwa sababu chuma cha moto sana kikikauka huota utando mwepesi wa kutu papo hapo.

Kitundu cha moto cha bunduki ya gumegume huzibuliwa kwa unyoya wa bata bukini au waya laini wa shaba, maana chuma hukipanua polepole. Mdomo nao hulindwa: ganda tupu la risasi ya kisasa hutobolewa katikati, mdeki ukapitishwa humo usiusugue ukingo. Pale ndipo mtutu huigusa risasi mara ya mwisho, na ukingo ukilika upande mmoja, shabaha imepotea.

Magobori tunayajua hata huku kwetu. Katika karne ya 19 bunduki za kushindilia ziliingia kwa wingi kupitia Unguja, zikapanda bara na misafara, na wahunzi wakajifunza kuzikarabati na kuziunda. Chumvi ya baruti haichagui nchi.

Popote ulipo, mtutu uliooshwa ukikauka, hupakwa mafuta kidogo na kusimamishwa mdomo chini ili yasitiririkie kwenye kitundu. Kesho yake hupitishwa kitambaa cheupe. Kikirudi na rangi ya kahawia, ndoo hujazwa upya.