Matiko ya Uso wa Chuma kwa Leza: Ufafanuzi wa Mchakato na Istilahi Zake

Neno matiko, lililohifadhiwa katika kamusi za zamani za Kiswahili, hutaja ugumu ambao chuma hupata kikitiwa moto kisha kikapozwa ghafla. Siku hizi mahali pake hushikwa mara nyingi na kitenzi kuimarisha. Makala haya yanafafanua utiaji matiko kwa leza na kuulinganisha na njia nyingine, kwa kuwa katika ulinganisho huo ndipo upungufu wa kitenzi hicho unapojitokeza.

Msingi wa ugumu ni kaboni. Feleji yenye kaboni ya asilimia 0.4 hivi ikipita nyuzi 800 za Selsiasi, muundo wake wa ndani hubadilika na kaboni huenea humo. Ikipozwa polepole, kaboni hupata muda wa kujitenga. Ikipozwa ghafla, hunaswa, na hapo huundwa martensaiti, iliyopewa jina la Mjerumani Adolf Martens. Martensaiti ni ngumu sana lakini huvunjika upesi. Nondo ya kawaida ya ujenzi haishiki matiko vizuri kwa sababu kaboni yake ni kidogo, ilhali springi ya gari kuukuu iliyofuliwa kuwa patasi hushika. Mhunzi huyajua hayo kwa mkono, bila kulijua jina la Martens.

Kipande kizima kikichovywa katika maji au mafuta, joto hutoka kupitia usoni, nacho huweza kupinda au kupasuka. Leza hugeuza mwelekeo huo. Mwale hupasha tabaka jembamba kwa muda mfupi sana bila kuliyeyusha. Ukisonga mbele, mwili baridi wa kipande chenyewe hulivuta joto kwa ndani. Maji hayahitajiki. Kina cha tabaka gumu kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.1 na 1.5, na kipande hupinda kidogo tu. Hata hivyo, kipande chembamba mno hakina mwili wa kutosha kunyonya joto. Tena eneo pana huhitaji mipito inayopakana, na kila mpito mpya hulegeza ukingo wa ule uliotangulia, kasoro isiyopaswa kufunikwa na sifa za upya wa mtambo.

Induksheni hupasha uso kwa mkondo-geu wa umeme kupitia koili na huweza kufika kina cha milimita kadhaa. Kwa ekseli nyingi za aina moja ni vigumu kuishinda kwa unafuu, ila kila umbo hudai koili yake. Kurutubisha uso kwa kaboni, kwenye nyuzi 900 na zaidi, huchukua saa nyingi kabla ya matiko, lakini huifaa feleji yenye kaboni haba ambayo leza peke yake haiwezi kuifanya ngumu vya kutosha. Kurutubisha kwa nitrojeni hufanyika kwenye nyuzi 500 hivi bila upozaji wa ghafla. Kwa maana ya asili ya neno, basi, hayo si matiko.

Mfasiri anayeandika “imarisha jino la gia” hajamwambia fundi kama ugumu uishie usoni au ufike kiini. Jino lililotiwa matiko hadi kiini na kuachwa hivyo hustahimili msuguano, kisha hukatika mzigo unapolishtua. Lenye uso mgumu na kiini shupavu hudumu. Ugumu na ushupavu ni sifa mbili, na kuimarisha huziweka katika kapu moja. Matiko ya uso kwa leza na matiko ya uso kwa induksheni ni istilahi zinazotaja tendo, mahali na chombo.

Itasemwa kwamba neno hili ni geni kwa mwanafunzi wa Kampala au Bukavu. Ni kweli, lakini istilahi yoyote mpya itakuwa ngeni kwake vilevile. Tatizo kubwa zaidi ni lile tendo la kupasha tena chuma kilichokwisha kutiwa matiko, pengine kwenye nyuzi 200 hivi, ili kupunguza wepesi wake wa kuvunjika. Kamusi za zamani huelekea kuliweka chini ya neno hilohilo la matiko. Kabla ya BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kulisanifishia jina, wahunzi wanaolifanya kila siku wanafaa kuulizwa wanaliitaje.