Maneno Yanayokanganya: Waligombana au Walipigana?

Katika sehemu iliyopita tulitazama maneno ya Kiingereza ya kukopa na kukopesha. Leo tuingie kwenye ugomvi, mahali ambapo kamusi nyingi za shuleni humwacha mwanafunzi gizani: kila neno limefasiriwa "ugomvi", basi.

Tuanze na "quarrel". Huu ni ugomvi wa mdomo. Watu wamerushiana maneno, pengine wamenuniana wiki nzima, lakini hakuna aliyemgusa mwenzake. Mwandishi wa habari akiandika kwamba majirani walikuwa na "quarrel", kisha mmoja akalazwa kwa jeraha la panga, msomaji Mwingereza atajiuliza panga limetoka wapi. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya lalamiko, na maana hiyo haijafa. Mwaka 1966 Muhammad Ali, akipinga kupelekwa vitani Vietnam, alisema hana "quarrel" na Viet Cong. Hakuwa amewahi hata kuonana nao. Alichosema ni kwamba hawajamkosea lolote.

"Argument" lina sura mbili. Profesa akiisifu "argument" yako, amesifu hoja. Mkeo akisema jana mlikuwa na "argument", mantiki haimo.

"Dispute" halihitaji hasira kabisa. Linahitaji kitu kinachodaiwa na pande mbili: shamba, mshahara, mpaka. Kenya na Somalia zilikuwa na "dispute" ya mpaka wa baharini, ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, na hukumu ikatolewa Oktoba 2021. Katika kesi ya namna hiyo mawakili wanaweza kusalimiana kwa bashasha asubuhi na shauri likabaki palepale. Kwetu huu ni mgogoro, na ndiyo maana tunasema mgogoro wa ardhi au wa kazi, si ugomvi wa kazi.

Magazeti ya Uingereza yana kipenzi chao, "row". Nadhani siri ni herufi zake tatu, zinazoenea vizuri kwenye kichwa cha habari. Litamkwe "rau", ukisema "rou" umetaja safu ya viti. Ugomvi mdogo wa wapenzi ni "tiff", na ule wa watoto kugombea peremende ni "squabble".

"Feud" hupimwa kwa miaka. Mfano maarufu ni wa koo za Hatfield na McCoy, kwenye mpaka wa West Virginia na Kentucky nchini Marekani, zilizouana mwishoni mwa karne ya 19. Miongoni mwa yaliyochochea uhasama huo ni kesi ya nguruwe ya mwaka 1878.

Mtego mkubwa ni "fight". Mume na mke wa Kimarekani wakisema walikuwa na "fight", huenda hawakunyanyuliana hata kidole. Ukitaka ngumi zisiwe na shaka, na walevi wengi, andika "brawl". Mahakamani kuna "affray": sheria ya Kenya inataka mapigano yawe mahali pa watu wote, ilhali sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inakubali hata ya ndani ya nyumba. Ila vitisho vya maneno matupu, hata viwe vikali namna gani, Uingereza havihesabiwi kuwa "affray".

Juma lijalo tutaangalia maneno ya kupatana.