Kisonono Katika Daftari la Zahanati

Kisonono ni maradhi ya zinaa yaletwayo na bakteria ambaye mganga wa Kijerumani, Albert Neisser, alimtambua kwa hadubini mwaka 1879. Dalili zake zafahamika na wengi: maumivu wakati wa kukojoa na usaha utokao katika mrija wa mkojo. Lisilofundishwa sana ni safari ya jina la ugonjwa huu baada ya mgonjwa kuondoka zahanati. Jina huandikwa daftarini, hugeuzwa kuwa herufi na tarakimu, hujumlishwa na mengine wilayani na mkoani, na mwishowe huwa hesabu inayosaidia kuamua ni dawa gani zinunuliwe na kwa kiasi gani. Neno likikosewa mwanzoni mwa safari hiyo, hakuna hisabati iwezayo kulisahihisha mwishoni.

Asili ya alama hizo ni orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilikabidhiwa dhamana ya orodha hiyo, na toleo la sita likaingiza hata maradhi yasiyoua. Jambo kubwa kwa kisonono, ambacho ni nadra kumwua mtu. Katika toleo la tisa alama yake ilikuwa 098. Katika toleo la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990, ni A54. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limebadilisha alama tena, lakini hapa tutalifuata la kumi, kwa kuwa mpangilio wake waelezeka kwa urahisi darasani.

A54 si alama moja, bali ni ukoo mzima. Tarakimu ifuatayo nukta yataja mahali ugonjwa ulipokaa. A54.0 ni maambukizo ya sehemu za chini za njia ya mkojo na uzazi yasiyo na jipu, A54.3 ni ya jicho, A54.5 ni ya koo. Mganga akiandika neno moja tu, "kisonono", mwandishi wa alama hana ruhusa ya kubuni mahali. Hana budi kutumia A54.9, yaani kisonono kisichobainishwa, ambayo kwa maoni yangu ni kapu la kutupia kila kitu.

Hasara ya kapu hilo huonekana tukiitazama A54.3. Mtoto huambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, na baada ya siku chache tu macho huvimba na kujaa usaha. Asipotibiwa upesi aweza kupofuka. Alama hii yaeleza zaidi ya jicho la mtoto: yaonyesha kuwa yupo mama anayehitaji tiba, na mwenzi wa mama pia. A54.9 haimwonyeshi yeyote.

Kuna mtego mwingine. Mwanamke mjamzito mwenye kisonono huwekwa katika sura ya ujauzito na uzazi, kwa alama O98.2. Ikiwa haikuongezwa alama ya pili, mtakwimu anayehesabu A54 peke yake atawaacha nje wajawazito wote, nao ndio mama wa watoto tuliowataja hivi punde.

Je, mganga ana ushahidi gani wa kuandika "kisonono"? Kwa mwanamume mwenye usaha, rangi ya Gram na hadubini huwagundua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Kwa mwanamke, kipimo hicho hicho kikichukuliwa katika mlango wa kizazi hugundua takriban nusu tu. Aidha, wanawake wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote, hivyo hawafiki zahanati. Daftari likionyesha wanaume wengi kuliko wanawake, mwanafunzi asiharakishe kusema kuwa ugonjwa wenyewe unachagua.

Pale pasipo na maabara, mgonjwa hutibiwa kwa kufuata dalili: mwenye usaha hupewa dawa za kisonono na za klamidia pamoja. Njia hii imethibitika kuwa na manufaa. Utafiti uliofanywa mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kuwa tiba bora ya maradhi ya zinaa kwa njia hiyo ilipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Lakini tiba ni jambo moja na kumbukumbu ni jingine. Ikiwa kilichoonekana ni usaha tu na ugonjwa haukutambuliwa, alama ya haki ni R36, yaani kutokwa na usaha katika mrija wa mkojo. Wapo waionao R36 kuwa dalili ya uvivu. Mimi naiona kuwa ni ukweli uliopimwa kwa kibaba chake.

Ukweli huo wahitajika zaidi sasa, kwa sababu bakteria huyu hujifunza kuzishinda dawa. Mwaka 1976 iligunduliwa aina yenye kimeng'enya kinachoharibu penisilini, na leo hata seftriaksoni, dawa inayotegemewa zaidi, imeanza kushindwa mahali kadhaa duniani. Mgonjwa akirudi na usaha baada ya sindano, je, ameambukizwa upya na mwenzi asiyetibiwa, ama dawa imeshindwa? Daftari lenye A54.0 mara mbili halijibu. Maabara ikiotesha vijidudu na kuthibitisha usugu kwa dawa za jamii ya penisilini, huongezwa alama ya kundi la U82. Bila kuotesha, hakuna cha kuongeza.

Mwalimu aweza kuligawa darasa katika makundi na kuwapa kumbukumbu hizi: kijana mwenye usaha ambaye hakupimwa, mjamzito aliyethibitishwa kwa maabara, mtoto wa siku 4 mwenye usaha machoni ambao hadubini imeonyesha vijidudu vya Neisser. Kila kundi litoe alama, kisha litaje ni watu wangapi wengine wanaopaswa kuitwa zahanati.