Tafsiri Iliyokosa Matini Chanzi: Kiendeshi cha Modemu katika Mfumo wa Linux

Utangulizi

Katika mihadhara ya tafsiri, mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kwamba mfasiri hawezi kuianza kazi yake bila ya kuwa na matini chanzi mbele yake. Kanuni hii ni bayana kiasi kwamba haionekani kuhitaji kuthibitishwa. Hata hivyo, upo uwanja ambamo kanuni hiyo ilipuuzwa na madhara yake yakamwangukia mtumiaji wa kawaida, nao ni uwanja wa tarakilishi. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kiendeshi cha modemu ya kipakatalishi kilivyofasiriwa ili kifanye kazi katika mfumo wa Linux, na kwa nini kazi hiyo iliwashinda wengi. Yanashikilia kwamba kikwazo kikuu hakikuwa ugumu wa amri bali kufichwa kwa matini chanzi.

Modemu iliyopokonywa akili

Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kutumika nchini Kenya mnamo mwaka 2009, njia mojawapo ya kuingia kwenye intaneti ilikuwa laini ya simu. Modemu ndiyo iliyozigeuza tarakimu za tarakilishi kuwa sauti zinazoweza kupita kwenye waya wa simu, kisha ikazigeuza sauti zilizopokelewa kuwa tarakimu tena. Katika modemu za awali, kazi hii ilifanywa na chipu zilizokuwa ndani ya modemu yenyewe. Tarakilishi ilituma amri fupi fupi tu, na mfumo wowote, Linux ukiwemo, uliweza kuzituma.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, watengenezaji wengi walipunguza gharama kwa kuziondoa chipu hizo. Kazi ya kugeuza sauti ikahamishiwa kwenye prosesa kuu ya tarakilishi. Modemu ikabaki kuwa kizingiti tu cha laini ya simu, na akili yake ikawa programu. Modemu za aina hii zilikuja kuitwa 'winmodem', kwa kuwa aghalabu programu zake ziliandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Mwenye kipakatalishi ndiye aliyeathirika zaidi, kwa sababu modemu yake ilifungiwa ndani ya mashine. Alikuwa na hiari mbili: ama atafute kiendeshi, ama agharimie modemu nyingine ilhali anayo moja.

Kwa nini kiendeshi kifasiriwe?

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991. Sehemu yake ya msingi, inayotawala vifaa vyote, huitwa kiini. Matini chanzi ya kiini hicho yameandikwa hasa kwa lugha ya C, ambayo binadamu anaweza kuisoma. Programu iitwayo gcc huyafasiri matini hayo kuwa msimbo wa mashine, yaani tarakimu ambazo prosesa huzitekeleza.

Kiendeshi hupachikwa ndani ya kiini kikiwa moduli. Ikumbukwe kwamba mpangilio wa ndani wa kiini hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine. Hivyo, moduli iliyofasiriwa kwa ajili ya toleo moja hukataliwa na toleo jingine. Hali hii haina tofauti na ubeti uliotungwa kwa mizani ya shairi moja kisha ukapachikwa katika shairi lenye mizani tofauti: maneno yake huenda yakawa sahihi, lakini wimbo utakwama.

Hatua za kazi

Mfano mzuri ni kiendeshi cha slmodem, kilichotolewa na kampuni ya Smart Link. Hatua ya kwanza ilikuwa kuitambua modemu kwa amri ya lspci, kwani jina la kipakatalishi halikutosha kudhihirisha chipu iliyomo. Hatua ya pili ilikuwa kujua toleo la kiini kinachotumika, kwa amri ya uname -r. Hatua ya tatu ilikuwa kuhakikisha kwamba mashine ina gcc, programu ya make na faili vichwa vya kiini, yaani faili zinazoeleza mpangilio wa ndani wa toleo lile lile.

Baada ya hayo, mtumiaji alilifungua furushi la kiendeshi na kutoa amri ya make. Iwapo tafsiri ilifaulu, moduli ya slamr ilipachikwa kwa amri ya modprobe, kisha programu ya slmodemd ikaanzishwa. Hii ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi ya kugeuza sauti.

Makosa yalikuwa ya aina mbalimbali. Pale faili vichwa vilipokosekana, tafsiri ilikatika mwanzoni. Pale vilipokuwa vya toleo jingine, tafsiri iliweza kukamilika lakini kiini kikaikataa moduli kwa madai kwamba umbo lake si halali. Wakati mwingine kosa lilitoka katika kiini chenyewe. Katika toleo la 2.6.19 la mwaka 2006, faili kichwa iitwayo config.h iliondolewa. Viendeshi vingi vilivyohifadhiwa nje ya kiini vilikuwa vikiitaja, navyo vikashindwa kufasiriwa. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kuufuta mstari mmoja. Aliyeweza kuyasoma matini chanzi alijitibu mwenyewe kwa dakika chache.

Sehemu iliyotiwa muhuri

Tatizo sugu lilikuwa kwingine. Furushi la slmodem halikuwa na matini chanzi kamili. Lilikuwa na faili mbili, dsplibs.o na amrlibs.o, ambazo zilikuwa zimekwisha kufasiriwa na kampuni kuwa msimbo wa mashine. Mtumiaji alifasiri ganda la nje tu, kisha akaliunganisha na viini hivi vilivyofungwa.

Madhara yake yalidhihirika prosesa za biti 64 zilipoenea katika tarakilishi za watu binafsi kuanzia mwaka 2003. Faili ya amrlibs.o ilikuwa ya biti 32, nayo haikuweza kuunganishwa na kiini cha biti 64. Hapa hapakuwa na mstari wa kufuta wala wa kusahihisha. Mwanafunzi hodari wa programu na yule asiyejua lolote walisimama mahali pamoja.

Afueni kiasi ilitokana na uwazi. Kiini cha 2.6 kilikuja kupata kiendeshi kingine, snd-intel8x0m, ambacho matini yake chanzi yamo ndani ya kiini chenyewe. Kila kiini kilipofasiriwa upya, kiendeshi hiki kilifasiriwa pamoja nacho. Kwa modemu zilizokubaliana nacho, moduli ya slamr haikuhitajika tena, ingawa slmodemd na faili yake iliyofungwa ziliendelea kuhitajika.

Hitimisho

Modemu za laini ya simu zimepitwa na wakati, lakini funzo lake halijapitwa. Kifaa kizima kinaweza kugeuka kuwa pambo kwa sababu tu aliyekiunda ameyaficha matini. Umiliki wa kifaa bila ya haki ya kuyasoma maelekezo yake ni umiliki nusu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili si geni. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ikiwa programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Watafsiri wake hawakulazimika kusubiri ridhaa ya kampuni iamue kama lugha hii ina soko, kwa kuwa matini chanzi yalikuwa wazi. Mwenye matini ndiye mwenye uwezo wa kufasiri. Asiye nayo hubaki kungoja hisani.